Nyumba Bila Ardhi na Barua ya Oktoba 1963

"Na ardhi?" kadhi aliuliza.

Hesabu alikuwa ameshaimaliza. Nyumba moja ya Majengo, Mombasa, vyumba sita na ukumbi katikati, paa la mabati. Marehemu ni bibi yangu mzaa baba. Mumewe alimtangulia miaka mingi. Watoto walio hai ni watano, wanaume wawili na wanawake watatu, kwa hiyo mafungu ni saba: babangu mawili, Ami mawili, mashangazi zangu fungu moja moja. Shangazi mdogo alikuwa akihesabu kwa vidole ndani ya buibui. Nilimwona akifika saba, kisha akakifunga kiganja.

"Ardhi si yetu," akajibu Ami.

Kadhi hakushangaa. Aliandika maneno matatu, "nyumba bila ardhi", akafunua ukurasa unaofuata.

Mtu wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Kuta ni zako, mabati ni yako, mlango na bawaba zake ni zako. Mchanga ulio chini ya kitanda chako ni wa mtu mwingine, na kila mwezi unamlipa ijara ya kiwanja. Bibi alilipa tangu kabla sijazaliwa. Mwenye ardhi hatujapata kumwona. Tunamjua wakala wake tu.

Tulipotoka nje Ami alinishika mkono akanivuta pembeni. "Mwanangu, ijara hii hatuilipi kwa haki," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mkataba wa Sultani na Kenya ulikuwa wa miaka hamsini. Ulikwisha 2013. Wakubwa wanajua, wanatunyamazia."

Nikamwitikia, "Naam, Ami." Alikuwa bado na msiba wa mamake, na mimi sikulelewa kubishana na mzee aliyefiwa.

Lakini neno lile halikutoka kichwani. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikawa nalala nalo, naamka nalo.

## Karatasi zenyewe

Mwisho nikaamua kuusoma mkataba. Maisha yangu yote nimeusikia barazani, sokoni, kwenye mabishano ya mitandaoni. Nimeuona umefupishwa kwa rangi ukutani: Pwani si Kenya. Kuusoma wenyewe, sijapata.

Nilidhani nitakutana na kitabu kizima. Kumbe ni kitu kifupi, ukikaa nacho na chai, chai haijapoa umekimaliza. Umetiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963, pande nne: Uingereza, Sultani wa Zanzibar, serikali ya Kenya na serikali ya Zanzibar. Siku tatu kabla yake, tarehe 5, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu alimwandikia Waziri Mkuu mwenzake wa Zanzibar, Muhammad Shamte, na Shamte akamjibu. Ahadi zote tunazozizungumza hadi leo zimo ndani ya barua hizo.

Kwanza nikatafuta miaka hamsini.

Haimo.

Nikarudia toka juu. Haimo, wala miaka 99 haimo, wala neno lolote linalofanana na kukodisha. Kinachosemwa ni kwamba makubaliano ya 1895 kati ya Uingereza na Sultani yanafutwa, na kwamba Kenya ikipata uhuru, Mwambao, yaani ukanda wetu wa pwani, unaacha kuwa sehemu ya milki ya Sultani na unakuwa sehemu ya Kenya kamili. Hakuna tarehe ya kurudishiana. Kwa lugha ya nyumbani ningesema ile ilikuwa talaka tatu, haina rejea.

Nilikaa na karatasi mkononi nikimfikiria Ami. Sikujisikia mshindi hata kidogo. Nilihisi kama niliyeambiwa habari ya msiba na sasa ni zamu yangu kuipeleka nyumbani.

## Ami alikosea mwaka

Baada ya siku kadhaa nikaanza kumwelewa. Ami hakuzua kitu. Kodi ilikuwapo kweli, ila ni ya mkataba mwingine.

Turudi 1886. Waingereza na Wajerumani walikaa wakapima, wakakubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar atatambuliwa kuwa mwenye ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi za bahari kwenda bara, kama kilomita 18 na nusu. Upande wetu ulifika hadi Kipini, na visiwa vya Lamu juu yake. Sultani mwenyewe, Barghash, hakuwapo walipopima. Aliletewa akubali, na Desemba ya mwaka huohuo akakubali. Mwaka uliofuata akaipa kampuni ya mfanyabiashara wa Kiingereza, William Mackinnon, haki ya kuusimamia ukanda huo, nayo kampuni haikudumu.

Halafu ndipo yakaja makubaliano ya tarehe 14 Desemba 1895, wakati wa Sultani Hamad bin Thuwaini. Uingereza inautawala Mwambao, Sultani anabaki mwenyewe, na kwa hilo analipwa pauni 11,000 kila mwaka, pamoja na faida ya asilimia 3 juu ya pauni 200,000.

Hizo 200,000 zilinikalisha kitako. Zilikuwa fedha za Sultani mwenyewe. Ujerumani ilipoinunua pwani ya Tanganyika mwaka 1890 kwa mark milioni 4, fedha hizo ndizo zilizokuja kutumiwa kuilipa kampuni ya Mackinnon iondoke. Yaani mwenye nyumba alimlipa mpangaji ahame, kwa fedha alizopata kwa kuuza nyumba yake nyingine, kisha mpangaji mpya akawa anamlipa yeye faida ya fedha zake mwenyewe.

Kwa hiyo Ami anapotamka "kukodisha", anakumbuka kitu kilichotokea kweli. Kwa miaka 68 Mwambao ulikuwa mahali palipolipiwa kila mwaka. Ndiyo maana mwaka 1920 bara ilipofanywa koloni, huku kwetu pakabaki kuitwa himaya. Ndiyo maana bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus mpaka Desemba 1963. Bibi aliiona kwa macho yake. Alikuwa akituambia kwamba wakienda feri na mamake, akinyanyua uso akaiona, basi anajua wamefika nusu ya njia. Kwake ile bendera ilikuwa alama ya barabara.

Kumbukumbu ya kodi imepona, tarehe zake zimepotea. Na Kenya ilipofikisha miaka hamsini ya uhuru, mwaka 2013, watu wakaambatanisha hamsini hiyo na mkataba usiokuwa nayo.

## "Daima" na "kadiri itakavyowezekana"

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Barua ya Kenyatta ina ahadi tano. Nilizitafsiri kwa Kiswahili kwa penseli, moja moja, ili nimpelekee Ami, na mkono ukiandika unaona ambacho jicho likisoma linakiruka.

Ya kwanza ni uhuru wa ibada, na humo wametajwa kwa dhahiri raia wa Sultani walio Waislamu pamoja na vizazi vyao. Ya pili ni mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wenzake: ndoa, talaka, mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu. Ya tatu, watumishi wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu. Ya nne, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu, na ruzuku ya shule zao za msingi pwani iendelee. Ya tano, hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani zitambuliwe, na mpya ziendelee kusajiliwa.

Ziko tano, na uzito wake haulingani.

Ahadi ya ibada ina neno "daima". Ya makadhi ina "daima". Ya ardhi inayo pia. Ile ya watumishi na ile ya Kiarabu zimewekewa maneno mengine: kadiri itakavyowezekana. Nilizungushia penseli kila "daima" na kila "kadiri". Ukurasa ukawa kama daftari la mwalimu.

Sikulaumu haraka. Mwenye kuahidi kuajiri watu hawezi kujua kesho atapata watu gani, hilo naliona. Lakini nilijiuliza, hawa waliokaa na kuchagua neno la kila mstari, walijua ni mstari upi utawafikia watu gani? Kiarabu na mtumishi wa utawala ni vitu ambavyo mtoto wa Majengo angevitumia kupanda. Hatimiliki ni kitu cha aliyekwisha kupanda. Aliyekwisha kupanda akapewa daima.

Na makadhi je? Hapo lazima niseme haki. Ahadi ile imetimizwa. Iliingia katika katiba ya uhuru, ikapita katika vishindo vya 2010, wakati mahakama hizo zilipokuwa hoja kubwa katika kampeni za kura ya maoni ya katiba mpya, na leo imo katika Kifungu cha 170 cha katiba hiyo. Soma kifungu hicho ukimaliza kusoma barua. Ndoa, talaka, mirathi, wahusika wote wawe Waislamu: ni sauti ileile ya Oktoba 1963. Shangazi zangu watatu walipata mafungu yao bila kugombana na mtu, mbele ya kadhi, kwa sheria wanayoiamini, kwa sababu kuna mtu aliikazania ahadi hiyo.

Nataka hilo lisomeke wazi, maana linalofuata ni chungu.

## Nyumba moja, ahadi mbili

Siku moja nikiwa nimelala chali, nikiangalia mabati, ikanijia.

Ahadi ya pili ndiyo iliyotugawia nyumba. Ahadi ya tano ndiyo iliyotunyima ardhi.

Zote mbili zimetoka kwenye barua moja, na zote mbili zina "daima". Zimekutana kwenye nyumba ya bibi yangu, moja iko juu na nyingine iko chini, na katikati yake ni sakafu ya saruji aliyoimwaga mwaka ambao Ami alianza kazi bandarini.

Usajili wa hatimiliki hizo haukuanza 1963. Ulianza na sheria ya 1908. Kila mwenye kudai ardhi ndani ya Mwambao alitakiwa ajitokeze alete dai lake na ushahidi wake. Atakayekubaliwa ataandikwa. Ardhi isiyo na dai lililokubaliwa inakuwa ya Serikali ya Kiingereza. Wamijikenda, wenyeji wa pwani waliokuwa wakilima ardhi kwa pamoja, kwa ukoo na kaya, hawakuwa na karatasi ya mtu mmoja ya kuonyesha. Wakaamka wageni kwenye mashamba yao. Mpaka leo ukienda Kilifi utasikia neno "maskwota" likisemwa na mzee aliyezikwa babu yake palepale anapoitwa skwota.

Sasa weka tarehe nyingine kando ya hiyo. Utumwa ulifutwa kisheria pwani mwaka 1907.

Mwaka mmoja tu umepita. Jana umeachwa huru huna kitu, leo unaulizwa una dai gani la ardhi.

Bibi alikuwa akisema kwamba bibi yake "alikuja mdogo". Basi. Hakusema alitoka wapi, alikuja na nani. Tukiwa watoto tuliuliza mara moja, babangu akatutoa ukumbini. Hatukuuliza tena, na sasa hakuna wa kumuuliza. Lakini nikiyasoma haya ya 1907 na 1908, naanza kuelewa kwa nini ukoo wetu una nyumba na hauna kiwanja. Dai letu lingeanzia wapi?

Kwa hiyo Kenyatta alipoahidi daima kwa hati zilizokwisha kusajiliwa, alikuwa akiifunga milele picha iliyopigwa miaka 55 nyuma yake. Waliokuwamo kwenye picha wamo. Bibi yangu hakuwamo.

## Waliosimama upande mwingine

Kuna jambo lililonifanya niache kuandika kwa siku tatu.

Mimi nimekua nikiusikia Mwambao kama hadithi ya kuonewa: tulikuwa na nchi yetu, tukaunganishwa na bara bila kuulizwa. Wapo waliosimama kidete, Sheikh Abdilahi Nassir akiwa miongoni mwa sauti kubwa, na hofu yao ya kumezwa na bara haikuwa ya kubuni. Nilipoanza nilikuwa upande wao, na bado sina neno baya juu yao.

Lakini jiulize Mgiriama, mmoja wa hao Wamijikenda, mwaka 1961 alisikia nini aliposikia Mwambao unataka kujitenga. Kwake, bendera nyekundu haikuwa alama ya barabara. Ilikuwa bendera ya mwenye shamba. Ronald Ngala, kiongozi wa chama cha KADU, alikuwa mtu wa pwani, mtetezi hasa wa serikali za majimbo, na bado alitaka pwani ibaki Kenya. KANU, chama cha Kenyatta, na KADU walipishana katika mengi, katika hili walikutana.

Uingereza ilimleta Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, aje asikilize. Akapita pwani mwishoni mwa 1961, akapokea wajumbe, na mwisho wa mwaka akatoa ripoti: makubaliano ya 1895 yafutwe, Mwambao uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, na Waislamu wa pwani wapewe hakikisho za dini, makadhi, Kiarabu na hati za ardhi. Ukiiweka ripoti hiyo kando ya barua ya Kenyatta, utaona barua ilikotoka.

Hakikisho zilitolewa kwa waliokuwa na hofu ya kupoteza. Wasiokuwa na cha kupoteza hawakuandikiwa barua.

Sikutarajia kuandika sentensi hiyo. Nilianza utafiti huu nikitaka kumtetea Ami dhidi ya mkataba, nikakuta mkataba umemtetea Ami kwa upande wa dini yake na umemwacha kwa upande wa mchanga wake. Na jirani yetu wa Kirabai, Mkristo, aliyempa bibi mnazi wa uani, hatajwi popote.

## Siku 96

Kuna swali lingine ambalo mwanasheria angelijibu kwa dakika tano, na mimi nimeliguguna wiki nzima. Ahadi hii ni deni kwa nani?

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Kenya tarehe 12. Januari 12, mapinduzi. Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyekalia kiti Julai tu, akaenda uhamishoni. Serikali ya Shamte ikaanguka. Aprili 26 Zanzibar ikaungana na Tanganyika.

Toka saini ya London hadi mapinduzi ni siku 96.

Aliyeahidiwa hayupo. Shahidi mkubwa, Uingereza, amekunja bendera amekwenda zake. Na aliyeahidi naye hakubaki vile alivyokuwa: barua iliandikwa wakati Kenya ina majimbo, Ngala akiwa Rais wa Jimbo la Pwani, na kufikia Desemba 1964 majimbo yalikuwa yamekwisha, KADU yenyewe imejivunja. Nani tena angeweza kugonga mlango Nairobi, mwaka 1965, akasema ile ya tatu na ile ya nne mmezifikishia wapi?

Nadhani hapo ndipo miaka hamsini ilipozaliwa. Watu wakikosa mlango wa kugonga, hutafuta tarehe ya kusubiri.

Rafiki yangu mmoja aliniambia niache kujitesa, mkataba umeshakufa, tuna katiba. Nilikaribia kukubali. Kisha nikarudi kwenye ahadi ya tano nikaona mstari ambao nilikuwa nimeutafsiri kwa haraka, mwandiko umelala. Hatimiliki zitalindwa daima, isipokuwa ardhi itakapohitajika kwa manufaa ya umma, na hapo mwenyewe alipwe fidia kamili bila kucheleweshwa.

Mlango ulikuwa wazi!

Kumbe siku zote, barua ileile iliyolinda hati ya mwenye ardhi iliiachia serikali njia ya kuinunua ardhi hiyo na kuwapa wakazi. Na si ndoto. Shamba la Waitiki kule Likoni lilinunuliwa na serikali, na mwanzoni mwa 2016 wakazi wakaanza kupewa hati. Unaweza kubishana juu ya bei, na juu ya wakazi wenyewe kutakiwa kulipia. Mimi nabishana. Lakini ilifanyika, ndani ya maneno ya 1963, bila kumpokonya mtu na bila kusubiri mkataba wowote uishe.

Basi aliyesema mikono imefungwa, alifungwa na nini miaka yote hii?

## Kopo la biskuti

Ijumaa baada ya swala nilimpelekea Ami tafsiri yangu.

Tulikaa ukumbini, pale bibi alipokuwa akikaa na kinu chake cha tambuu. Ami alikuwa amelitoa kopo la biskuti ambalo bibi alihifadhia risiti za ijara. Amezipanga kwa miaka na kuzifunga kwa uzi wa kanga. Za chini kabisa zimegeuka rangi ya chai, wino umebaki kivuli, na kwenye nafasi ya jina mwandishi ameandika jina la bibi kwa tahajia tatu tofauti. Za juu zimepigwa muhuri wa zambarau. Kiwanja kimeandikwa nambari ileile toka ya kwanza hadi ya mwisho.

Nilimwambia kwanza lile zito. "Ami, miaka hamsini haimo. Nimetafuta."

Hakusema kitu. Akanyoosha mkono nimpe karatasi.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, miwani imeshuka puani. Alipofika ahadi ya tano akarudi juu akaisoma tena yote. Kisha akaniuliza, "Na sisi tumeandikwa wapi hapa?"

Nikamwonyesha ahadi ya kwanza. Raia wa Sultani walio Waislamu, na vizazi vyao.

"Mamangu alikuwa raia wake," akasema.

"Ndiyo, Ami."

"Basi vizazi ni sisi." Akaiangalia sakafu, saruji ile, ufa wake unaoanzia mlangoni mwa chumba cha pili. "Na hapa chini hatumo."

"Kuna huu mstari," nikamwambia, nikamgusia ule wa manufaa ya umma. Akausoma mara mbili, midomo ikicheza bila sauti. Akaniomba penseli, akaupigia mstari chini, akabonyeza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Mlangoni pakapigwa hodi. Wakala wa mwenye ardhi, na kitabu chake. Alitupa pole ya msiba, pole ya kweli, alimjua bibi miaka mingi. Ami akamhesabia noti. Wakala akafungua ukurasa mpya, akauliza aandike jina gani sasa.

Wote wawili tukasita.

"Andika warithi," Ami akamwambia.

Akaandika, akachana risiti, akampa. Ami akaifungua ile fundo ya uzi wa kanga, akaweka risiti juu ya zingine, akaikunja karatasi yangu mara mbili na kuiweka juu ya risiti, akafunga upya.